Masale Kumi na Moja

Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na moja. Mama yangu anasema mtu wa umri wangu hastaafu, anaacha kazi; kustaafu ni kwa walimu na manesi. Nikamjibu kwamba aliyeacha kazi hana haki ya kuandika kumbukumbu, na mimi nina jambo la kuwaandikia wadogo zangu mlioanza kushika daftari nililoliacha. Akacheka, akarudi jikoni. Aya hii nimeiandika mara kumi na nne na bado naona kuna mahali haijakaa sawa. Naiacha, maana nikiendelea kuisafisha sitafika kwenye kilichonileta.

Kazi yangu iliitwa kontinuiti. Filamu hairekodiwi kwa mpangilio wa hadithi. Leo mnarekodi mazishi, kesho mnarekodi marehemu akinywa chai, na lazima awepo mtu anayejua kikombe kilikuwa mkono gani, kifungo kipi cha shati kilikuwa wazi, mshumaa ulibaki urefu gani. Kwa miaka tisa mtu huyo nilikuwa mimi. Watu wa seti waliniita Dada Daftari, wengine Daftari tu, na nisipokuwepo karibu nadhani waliniita majina mengine.

Sikusomea popote. Nilijifunza nyumbani Elerai kwa kutazama filamu nimezima sauti, nahesabu makosa. Siku yangu ya kwanza kazini ilikuwa Terrat, filamu ya vichekesho yenye harusi ndani yake. Mezani palikuwa na ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma anayewekewa majani mdomoni. Mvua ikatusimamisha saa nzima, na mafundi wa taa wakajikinga karibu na meza. Tuliporudi kurekodi sikumwangalia mbuzi, nilikuwa nahangaika na shela ya bibi harusi. Filamu ilipotoka, mbuzi alikuwa na miguu mitatu wakati wa sala na minne wakati wa hotuba ya mjomba. Ukumbi ulicheka mahali ambapo hapakuandikiwa kicheko. Mwongozaji alinisimamisha mbele ya wenzangu akasema, "Mtazameni vizuri. Huyu ndiye aliyemwotesha mbuzi mguu." Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na nikaapa hakuna atakayenikuta nimekosea tena. Kiapo hicho msikiige.

Aliyenifundisha kazi ni Bi Salome, mtunza mavazi, aliyeshona sare za shule kwa miaka mingi kabla hajaingia kwenye filamu. Alinipa utepe wake wa kupimia na kanuni mbili. Ya kwanza: andika unachokiona, usiandike unachokikumbuka. Ya pili: kabla hujapiga picha ya kitu chochote, uliza nani amekigusa. "Picha haisemi uongo," aliniambia siku moja akiwa na pini mdomoni, "ila haijui kilichotokea kabla yake." Ya kwanza niliishika kama amri ya kanisani. Ya pili niliishika siku nilizokuwa na nafasi.

Vifaa vyangu vilikuwa vichache. Daftari la kurasa mia mbili kwa kila filamu, kalamu za rangi nne, chaki, simu yenye kamera nzuri, na ule utepe. Msinunue vifaa vya gharama. Nunueni viatu visivyoteleza.

Kazi yangu ya mwisho ilikuwa kuitoa jukwaani tamthilia moja ya zamani na kuifanya filamu. Jina lake silitaji. Wenye tamthilia hawana kosa katika haya. Inamhusu mjane mwenye shamba kubwa la kahawa anayempenda kijana anayempogolea miti. Hawezi kumkaribisha mezani, hawezi kumwacha aende. Mwishoni anamfukuza kwa wizi ambao kila mtu jukwaani anajua kijana hakuufanya. Tulipoiigiza nikiwa kidato cha tatu mimi nilikaa nyuma ya pazia na kitabu, nawanong'oneza waliosahau maneno. Naijua yote kwa moyo mpaka leo.

Jukwaani tulikuwa na kiti kimoja na ufagio. Mjane anasimama, anawaelekea watazamaji na kuongea ukurasa mzima: anavyomwona akipita kati ya migomba, anavyoinama, anavyofuta jasho kwa bega. Mgomba haukuwepo hata mmoja, na ukumbi mzima uliuona. Frank, mwongozaji wetu, aliufuta ukurasa ule siku ya kwanza ya kusoma mswada.

"Frank, hiyo ndiyo tamthilia yenyewe," nilimwambia.

"Daftari, hii ni filamu. Mtu haelezi anachokiona, anakiona. Mimi nataka macho ya mama na mgongo wa jamaa, basi."

"Na tabaka? Yeye yuko juu, jamaa yuko chini."

"Ndiyo maana tunapanda mlimani," akasema. Lakini macho yanahitaji njia ya kupita, na njia hiyo ndiyo iliyotufikisha Nkoaranga, kwenye shamba la watu.

Nyumba tuliyoipata ilikuwa ya Mama Aminieli, mjane wa kweli, mkulima wa kahawa na ndizi kama majirani zake wote. Baraza ya nyumba inatazama chini, kwenye migomba ya shemeji yake, Mzee Nderingo, mdogo wa marehemu mumewe. Vyombo vyetu vilibebwa mabegani kwa njia ya miguu yenye utelezi, na kila aliyefika juu alifika akihema. Mama Aminieli alitupokea kwa maziwa ya mgando. Aliomba asimuliwe hadithi ya filamu, nikamsimulia yote. Alisikiliza huku anachambua maharage.

"Huyo mama ana shamba kubwa kiasi hicho," akauliza, "halafu siku nzima amekaa barazani anatamani?"

"Ndiyo, mama."

"Na kahawa anavuna nani?"

"Vibarua."

"Haya. Basi ana nafasi."

Frank alicheka mpaka akakaa chini. Nilimpenda Mama Aminieli kuanzia hapo, na nasema hili kwa aibu kwa sababu ya yanayofuata.

Kati ya ua wake na shamba la shemeji yake ulipita mstari wa masale kumi na moja. Baba yangu ni Mmeru. Mimi nimelelewa mjini na Kimeru changu kinaishia kwenye salamu, ila hata mimi sikuhitaji kuambiwa isale ni nini. Ndilo jani la mpaka. Likipandwa mbele ya wazee, hapo ndipo shamba la mtu lilipoishia, na haling'olewi kienyeji. Masale yale yalikuwa marefu, na kutoka barazani yaliyakata macho ya mjane wetu katikati kabisa ya mgongo wa kijana.

Frank aliomba yatolewe kwa siku kumi. Mama Aminieli akamwita shemeji yake, wakaongea Kimeru pembeni. Aliporudi alituambia, "Toeni. Ila siku ya kuyarudisha mtuite wote wawili, mimi na shemeji, tusimame hapa tuone. Bila sisi msiguse." Tulisema sawa. Niliandika kwenye daftari kwa kalamu nyekundu: KUWAITA WOTE. Jumapili hiyo akashuka kwenda kumuuguza dada yake hospitalini, akatuachia nyumba.

Jumatatu sikuwepo. Nilikuwa mjini Arusha kutwa nzima, natafuta vifungo vinne vya kufanana na cha tano kilichokuwa kimepotea. Siku hiyo Baraka, kijana wetu wa mandhari, alifanya mambo mawili. Alifunika makaburi mawili ya saruji yaliyokuwa karibu na masale kwa majani makavu ya mgomba, kwa sababu Frank hakutaka kaburi kwenye filamu ya mapenzi. Halafu, ili reli ya kamera ijaribiwe, aliyasogeza masale hatua nne kuelekea nyumba ya Mama Aminieli na kuyashindilia tena ardhini, vizuri, kwa mstari ulionyooka. Baraka alikuwa fundi.

Jumanne nilikuja na utepe wangu. Nilipiga picha kila isale, nikalipa namba, nikapima umbali wake kutoka nguzo ya baraza. Sikuuliza nani ameyagusa. Baraka alikuwa hatua tano kutoka kwangu, anakula muhogo. Nilikuwa na wasiwasi wa vifungo, na mstari ulionyooka vile ulinifurahisha macho. Baada ya hapo tukayang'oa yote, tukayatunza kwenye magunia yaliyoloweshwa.

Picha ya macho na mgongo ilipatikana siku ya tatu. Ni nzuri. Sitajifanya kusema vingine.

Tulipomaliza, Mama Aminieli alikuwa bado hospitalini, mvua ilikuwa inakuja na gari lilikuwa linasubiri chini. Nilimwonyesha Frank maandishi mekundu.

"Tusizingue, Daftari. Una vipimo?"

"Ninavyo."

"Mpaka milimita?"

"Karibu."

"Basi watu wa kuangalia wa nini? Wewe si unatosha?"

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilikubali. Kwa uaminifu: sentensi ile ya mwisho ilinipendeza. Nilipima, tukapanda, nikafananisha na picha moja moja. Mzee Nderingo alisimama shambani kwake, mikono nyuma, akatutazama kuanzia la kwanza hadi la kumi na moja. Nilimwamkia, akaitikia marahaba. Kisha akarudi kwenye migomba yake.

Siku nne baadaye Mama Aminieli alinipigia simu nikiwa Elerai. Nilipanda mlimani nikiwa na daftari kwapani. Nilimkuta amesimama uani, khanga imefungwa kiunoni.

"Mwanangu, mmeyaweka wapi haya?"

"Yalipokuwa, mama."

"Yalikuwa yanapita katikati ya makaburi. La baba mkwe kule, la mume wangu huku. Mume wangu nimemzika kwangu."

Nilitazama. Majani ya Baraka yalikuwa yameshaondolewa. Makaburi yote mawili yalikuwa ng'ambo ya masale, upande wa shemeji. Siku zote nilidhani familia imezika watu wake pamoja. Badala ya kushtuka nilifungua daftari. Nilimwonyesha picha ya Jumanne, saa na dakika zikiwa pembeni, nikamwonyesha vipimo. Nilimwongelesha taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto kusoma saa. "Labda mama umesahau," nilisema. Nililisema hilo neno kwake, kwa mtu aliyemzika mumewe uani kwake.

Mzee Nderingo alikuwa ameshasogea.

"Nayang'oa nayarudisha," Mama Aminieli akasema.

"Ng'oa, shemeji," akamjibu kwa upole. "Ng'oa isale lililopandwa, halafu ukawaeleze ukoo. Mimi simo."

Hakung'oa. Alikwenda kwa mshili, kiongozi wa ukoo, na baada ya wiki mbili tukaitwa uani kwake. Wazee walikaa kwenye mabenchi, Mama Aminieli kwenye kigoda, mimi nikasimama. Frank alikuwa na safari. Baraka alikuwa ameshakwenda Dar kwenye kazi nyingine, na sikuona sababu ya kumsumbua. Mama Aminieli alisema maneno machache: amezika wapi, nani alikuwepo. Waliokuwepo siku masale yanapandwa walikuwa wameshafariki, na waliokuwepo mazishini walikumbuka kaburi, hawakukumbuka mstari.

Mzee Nderingo alijua kuongea. "Wazee wangu, shemeji ameweka watu wa sinema nyumbani kwake wiki mbili. Huko kuna mjane anatamani kibarua wake. Na huyu wangu naye ameanza kutamani, ila yeye anatamani shamba langu." Watu walicheka. Mama Aminieli alitazama mikono yake.

Mshili akanigeukia. "Binti, wewe si wa huku wala wa kule. Uliyapima kabla hayajang'olewa?"

"Ndiyo, mzee."

"Una uhakika ndipo yalipokuwa?"

"Asilimia mia."

Daftari lilipita benchi kwa benchi. Walilisifu. Mzee mmoja alisema laiti makarani wa kata wangeandika hivi. Nikajisikia vizuri, hili ndilo jambo gumu kuliko yote kuliandika hapa. Mbele ya watu wote, hatimaye, nilikuwa sahihi. Ukoo ukaamua mpaka ubaki yalipo masale.

Niligundua miezi miwili baadaye, asubuhi, nikiwa naorodhesha klipu kwa ajili ya mhariri. Kulikuwa na klipu ya majaribio ya Jumatatu, kabla makaburi hayajafunikwa, sekunde arobaini. Baraka amesimama mbele ya kamera ameshika karatasi nyeupe ya kupimia mwanga, anachekesha. Nyuma yake kuna masale kumi na moja, na kaburi moja huku, kaburi moja kule. Niliirudia mpaka simu ikaisha chaji. Nikampigia Baraka.

"Si niliyasogeza ili reli ipite?" akasema. "Nilidhani umeandika, dada. Wewe si unaandika kila kitu?"

Nilikaa siku tatu bila kumwambia mtu. Siku ya kwanza nilitafuta kosa kwenye klipu. Siku ya pili nilimwambia Frank, akanijibu kwamba filamu imeshapangiwa siku ya kuonyeshwa na nisimletee mambo ya mashamba. Siku ya tatu sikufanya chochote. Ya nne nilipanda Nkoaranga.

Mama Aminieli alitazama klipu yote bila kuigusa simu. Aliomba nirudie. Nilidhani anatazama mpaka. Alikuwa anatazama kaburi.

"Maua yale ya kaburini niliyapanda mwenyewe," akasema. Kisha: "Ulinionyesha picha, nikaanza kufikiri labda kweli nimesahau. Nilikaa hapa nikafikiri hivyo."

"Nisamehe, mama."

"Twende kwa mshili," akasema. "Msamaha tutaongea tukirudi."

Uani kwa mshili palikuwa na watu wachache kuliko mara ya kwanza. Nilieleza yote: reli, Baraka, Jumatatu, kanuni niliyoivunja. Nikaonyesha klipu. Mzee Nderingo aliitazama kwa makini kuliko wote.

"Hii ni sinema," akasema. "Hawa si ndio waliomfunika baba yangu kwa majani ya mgomba ili aonekane hayupo? Filamu yao ikitoka, hapa hapataonekana kaburi hata moja. Sasa tuamini lipi?"

Mshili hakuwa mtu mbaya. Alinirudishia simu yangu. "Binti, siku ile ulituambia asilimia mia. Leo unatuambia asilimia mia. Hizo mia mbili mimi nizipeleke wapi?"

Mshili alisema shauri limekwisha na ukoo haurudi nyuma, na kwamba mwenye kutaka aende mahakamani. Njiani Mama Aminieli alisema hatakwenda. Angemshitakije mdogo wa mume wake? Wanasali kanisa moja, wanazikana. "Na shahidi wangu si ni wewe?" akaongeza. Hakusema kwa ukali. Na ule msamaha hatukuuongelea.

Niliacha kazi wiki hiyo. Filamu ilionyeshwa, watu walipiga makofi. Wameniambia hakuna kosa hata moja la kontinuiti.

Jumamosi ya kabla ya Pasaka nilikwenda kumsaidia kusafisha kaburi, kwa sababu Pasaka alfajiri watu wa huko huwaendea marehemu wao kwa nyimbo, na hakuna anayependa wake akutwe kwenye magugu. Mzee Nderingo alikuwa ameshaweka senyenge nyuma ya masale, na kigeti chenye kufuli. Mama Aminieli alibeba jembe na brashi, mimi ndoo ya maji na maua. Kaburi lilikuwa hatua tatu kutoka tuliposimama. Ungeweza kusoma jina.

"Hodi," akaita.

Akaita tena, sauti ya juu kidogo, ya heshima. "Hodi shemeji!"

"Nakunywa chai," sauti ikajibu kutoka migombani. "Subiri hapo."

Nilimwambia naweza kuinua waya, apite chini. Akaniambia nishike ndoo nisimwage maji, hakuna mengine karibu. Tukasimama. Jua likatoka, wingu la mlima likarudi. Alipokuja, Mzee Nderingo alichagua funguo polepole, akafungua, akasimama kando.

"Asante, shemeji," Mama Aminieli akasema, akainama akapita.